Karatasi ya Bi Tumu

Foleni ya dawa katika hospitali ya Malindi, mwaka 1984, ilikuwa imefika hadi uani, na jua likichoma. Bi Tumu akajichopoa mkononi mwa bintiye Mastura, akamdaka kijana mmoja mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni.

"Saidi! Umerudi?"

Saidi alikuwa mumewe, aliyefariki miaka kumi nyuma.

"Nimerudi," kijana akajibu taratibu. "Hujambo?"

"Niwie radhi, kaka," Mastura akasema. "Mama akili zimemchoka."

"Si kitu. Naitwa Mahdi. Nasomea udaktari, chuo kikuu, Nairobi."

"Basi tuokoe na foleni hii!"

"Si udaktari wa dawa. Nasomea uzee."

Mastura akacheka hadi akajifunika uso kwa ncha ya buibui. "Uzee wasomewa? Na wewe hata ndevu hazijaota!"

Mapenzi yakaanzia hapo. Mahdi alizunguka Malindi hadi Kakuyuni akiwauliza wazee hali zao kwa utafiti wake, lakini kila alasiri njia ilimrudisha kwa Bi Tumu, akakaa naye. Siku asizokuja alipiga simu dukani kwa jirani yao, Athman.

"Mahabubu, wafanya nini?"

"Nakungoja wewe, mzee wangu usiye na mvi."

Siku moja Mastura akamfungulia moyo huku akilia. Asubuhi akienda hotelini kukunja mashuka, humfungia mamake chumbani kwa kufuli. Bi Tumu alikwisha toroka mara mbili, akaokotwa njia ya Sabaki, kanga imemwanguka. Ndugu hawana, na kazi ile ndiyo wali wao.

Juma lililofuata Mahdi alikwenda msikitini, akaacha daftari lake mkekani kwa Bi Tumu. Mastura akasoma: *Mama wa miaka sabini hivi. Hufungiwa kwa kufuli. Amfungiaye ni bintiye.*

Mahdi aliporudi alimkuta amesimama.

"Haya ni nini?"

"Tumefundishwa, ukisikia jambo liandike siku iyo hiyo. Jina sikutia."

"Nilimwambia mpenzi wangu, Mahdi, sikuiambia shule! Sitara ya mama ndiyo iliyobaki nyumbani humu, nawe waenda kuisomesha Nairobi?"

"Huenda ikawafaa wengine..."

"Toka."

Akatoka. Simu zikalia kwa Athman, Mastura asiende. Zile alasiri Mahdi alizokuwa akikaa na Bi Tumu nazo zikawa za kufuli, kila Mastura alipotoka. Mwezi wa tatu tangu hapo, Bi Tumu alipanda kitandani akitafuta dirisha, akaanguka. Mastura alimkuta sakafuni, mwili umekwisha poa. Akamwosha kwa mikono yake, Mungu amrehemu, na hakumwambia mtu kwamba mlangoni kulikuwa na alama za kucha.

Baada ya arubaini Athman akaja mwenyewe.

"Mwanangu, yule kijana kapiga mara ya saba, na la msiba sijamwambia. Mpokee, hata kama ni kumtukana."

Sauti ya Mahdi ilitoka mbali, ikikwaruza. "Ile karatasi ya daftari yenye habari za mama nimeichana. Mwalimu wangu amekasirika kwa kuwa utafiti umepunguka, shahada imesogea mwaka mzima. Sijali. Mama hajambo?"

"Mama tumemzika."

"Inna lillahi... Nisamehe, Mastura."

"Iandike tena."

"Nini?"

"Karatasi. Andika na alivyokufa. Andika kucha zake mlangoni. Nilificha nikidhani ni sitara, Mahdi, na kwa kuficha kwangu hakuna jirani aliyejua aje akae naye. Niulize yote, nitakujibu."

"Nikuulize kama nani? Safari hii sitaki kukukosea."

Mastura akaegemea meza ya duka. Athman akajitia kupima sukari.

"Kama mume. Walete wazee wako waje wanipose. Hayo mengine tutayasema ndani, tukilia sote wawili."