Mi ya Dada Yake

Jumamosi ile kwenye ushoroba wa mafundi simu hapakuwa na pa kukanyaga. Kila kibanda kilikuwa na spika yake na kila spika na wimbo wake, wauza chaja walikuwa wakiwashika wateja mikono, na joto la mabati lilishuka moja kwa moja utosini. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke kijana aliyevaa gauni la bluu lililonyooshwa mpaka likawa na kingo. Alikuwa dobi. Duka lake la kufua na kupiga pasi lilikuwa mtaa wa pili, na hakuna aliyewahi kumwona na mkunjo. Lakini siku hiyo hakuwa akiwaza nguo. Simu yake ya zamani ilikuwa imegoma kuwaka, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho kwingine kokote.

Fundi aliichokonoa mpaka ikawaka. Ili kujaribu spika akafungua rekodi ya kwanza aliyoikuta. Zikatoka sauti mbili za wanawake, bila ala yoyote, zikiimba wimbo mfupi wa kumbembeleza mtoto. Dobi akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita na waya mrefu begani akasimama. Shati lake jeupe lilikuwa limekunjamana kama limetolewa mdomoni mwa ng'ombe.

"Samahani, dada," akasema. "Hao wanaoimba ni akina nani?"

"Mimi na dada yangu."

"Anaimba wapi siku hizi, nije nimsikilize?"

"Haimbi tena. Tumemzika."

Yule mtu hakukimbilia kusema pole. Aliinamisha kichwa, akangoja wimbo uishe, ndipo akampa pole. Kisha akaeleza kwamba yeye ni mpiga kinanda, kwamba simu ile haikuwa na maisha marefu, na kwamba angeweza kuihamishia rekodi kwenye kompyuta yake asiipoteze. Dobi akampima kwa macho toka juu hadi chini. Akamwambia atakuja, ila na yeye alete lile shati lipigwe pasi, maana linamtia aibu hata asiyelivaa.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Mpiga kinanda alikuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili zimeze mwangwi. Dobi alikuwa akifunga duka mapema anakwenda kukaa huko kwenye kochi lililochoka, mashati ya bwana yakiwa kwenye henga. Mwanamume akampa jina la Mama Pasi, naye akaitwa Bwana Sikio. Walipigiana simu kabla ya chai na baada ya chai, wakiulizana mambo ambayo hayakuhitaji kuulizwa.

Alasiri moja Bwana Sikio alimwomba aimbe noti ya do, aishikilie. Yeye akabonyeza mi kwenye kinanda.

"Unasikia nini?"

"Kama kuna kitu kinatetemeka. Kama zinakwaruzana."

Ndipo akamweleza. Safari ya kutoka do ya chini hadi do ya juu, kinanda kimeikata vipande kumi na viwili vilivyo sawasawa, ili mtu aweze kuanzia wimbo popote apendapo. Raha hiyo ina gharama yake. Do na so zinapatana vizuri tu, sikio halioni tofauti. Lakini mi imekaa juu kuliko pale sauti ya mtu inapotaka kutua.

"Kumbe ni suti ya dukani," dobi akasema. "Inamwingia kila mtu, haimkai yeyote."

Mwanamume akacheka mpaka akaegemea kinanda. Akaanza kumwonyesha mengine, akikiamuru kinanda kupitia kompyuta. Aliikata safari ileile vipande kumi na tisa: mi ikatulia kiasi, ingawa sasa ilikuwa chini kidogo, na so ikaanza kuchechemea. Akaikata thelathini na moja: mi ikanyamaza kabisa, so ikabaki imelegea, lakini kwa namna ya kuvumilika. Akaikata hamsini na tatu: do, mi na so zikatulia kama maji kwenye bakuli. Tatizo, akasema, ni kwamba kinanda cha namna hiyo kinataka mtu mwenye vidole kama sindano.

"Na mimi na dada, tulikuwa tunaimba kwa ipi?"

"Hata moja. Nyinyi mlikuwa mnasikilizana. Dada yako aliishika mi palepale inapotaka kukaa. Ukimpima kwa kinanda changu utasema ameshuka. Hajashuka, mpenzi. Kinanda ndicho kimepanda."

Kama palikuwa na kipande cha moyo wa dobi ambacho bado hakijaenda, kilikwenda siku hiyo.

Mwaka ulipotimia tangu msiba, mama yake alitaka ndugu wakusanyike wamkumbuke binti yake. Mpiga kinanda akajitolea kuuandaa wimbo ule, auwekee ala, uwe zawadi kwa mama. Dobi alimnyooshea suti nyeusi kwa mkono wake mwenyewe, akaipitia mara mbili kwenye kola.

Sebule ilijaa mpaka watu wakaketi vizingitini. Mpiga kinanda na mwenzake wa gitaa walikaa pembeni, spika ikawekwa juu ya kabati, wimbo ukaanza. Mama akaweka mikono miwili kifuani. Dobi alijisikia mwenyewe akiimba, kisha ubavuni kwake ikaingia sauti ya dada yake, na pumzi zake, na ile herufi moja aliyokuwa akiikosea toka utotoni. Lakini haikumjia. Tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja, sauti ya dada ilikuwa ikija na kumwegemea. Leo ilipita juu ya kichwa chake, ikaenda zake.

Watu walikuwa bado wanafuta machozi alipomvuta mwanamume nje, kando ya tangi la maji.

"Umemfanya nini?"

Mpiga kinanda alitazama viatu vyake. "Nimempandisha kidogo tu. Gitaa na kinanda vilikuwa vinagombana naye, wageni wangeona kama yeye ndiye anakosea. Nilitaka mama afurahi."

"Wewe ndiye uliyeniambia hajashuka."

"Najua."

"Uliniambia kinanda ndicho kimepanda. Halafu ukamsahihisha yeye. Mtu amekufa, hawezi hata kukukatalia."

Akamwambia asimpigie tena simu, akarudi ndani kugawa soda.

Mama hakujua lolote. Aliupenda wimbo ule, na kila asubuhi aliufungulia kabla hata ya kufungua madirisha. Dobi, aliyekuwa akiishi naye, akaanza kuondoka nyumbani angali hajapiga mswaki sawasawa. Dukani alikuwa akisikiliza rekodi ya zamani kwenye simu, kama mtu anayeosha masikio. Haikusaidia. Kila ilipokaribia ile mi, alizisikia zote mbili, ya dada yake na ile nyingine, na siku nyingine hakuwa na hakika ipi ni ipi. Aliunguza shati la mteja, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Mwanamume alituma salamu kupitia kwa mwenye duka la vifaa, hazikujibiwa.

Kisha simu ikafa. Safari hii fundi aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Dobi alitembea mpaka dukani, akaketi kati ya nguo za watu, akachukua simu yake nyingine.

"Ni mimi," akasema.

"Najua ni wewe. Nimefurahi kukusikia."

"Ile ya mwanzo ipo? Au ulirekodi juu yake?"

"Ipo. Ile siwezi kuigusa. Njoo uichukue."

Alimkuta amekonda. Hakumwomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema alikosea, na kwamba alijua anakosea wakati anafanya. Akampa rekodi kwenye flashi. Kisha akamwomba asikilize kitu kimoja, na kama hataki, mlango uko wazi.

Dobi akabaki amesimama.

Tangu waachane, akasema, alikuwa akizijaribu zile njia zote upya, moja baada ya nyingine, sauti ya dada ikiwa haijaguswa. Amechagua ile ya thelathini na moja. So imelegea kidogo, ameiacha ilegee, kwa sababu mi ya dada inapata pa kukaa. Ilimbidi ajifunze kupiga kama mtoto, maana kila kidole kilikuwa kikienda pasipo pake.

"Sasa kinanda ndicho kinachomfuata yeye," akasema, akabonyeza.

Sauti ya dada ikaja, ikamwegemea dobi. Alilia kilio ambacho makaburini hakikutoka. Mwanamume hakumgusa mpaka yeye mwenyewe aliponyoosha mkono.

Walipokwisha kutulia, mwanamume akamwambia anataka kumwoa. Akaongeza kwamba angejifunza na kuimba naye, ashike mi, ili nafasi ile isibaki tupu.

"Mi ina mwenyewe," dobi akasema. "Usije ukaishika, hata siku nikisahau mimi. Wewe shika so."

"So yangu haikai sawa."

"Najua. Ishike hivyo hivyo."

Jumapili yake walikwenda kwa mama, wakampa habari za uchumba, akawabariki, akawapigia wajomba simu. Kisha wakamwekea wimbo mpya. Mama aliusikiliza wote, macho amefumba.

"Mzuri, wanangu," akasema. "Lakini nirudishieni ule wangu. Huu anaimba kama yuko chumba cha pili. Ule ndio unaonisalimia asubuhi."

Dobi alifungua mdomo amwambie. Mpiga kinanda alikuwa ameinamisha uso, hakuweza kumsaidia. Mama alikuwa ameegemeza mkono wake juu ya spika, kama mtu aliyemshika mwenzake bega. Binti akainuka, akauweka ule wa mama.

"Imba naye, mwanangu," mama akasema. "Zamani mlikuwa mnaimba pamoja."

Akaketi karibu na mama yake, akaanza. Sauti ile haikumjia, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Basi akaipandisha ya kwake, kidogo tu, ikagombana na sauti yake mwenyewe iliyokuwa kwenye rekodi, mpaka ikakutana na ile ya dada iliyopandishwa. Mama akatabasamu. Dobi akaendelea kuimba, uso ameugeuzia dirishani, mpaka wimbo ukaisha.