Barua ya Kumkatalia Zerida

Siku ya soko hapo Bwera, foleni ya kusaga muhogo ilitoka mlangoni pa mashine ya Mzee Asanasio ikazunguka mpaka kwa wauza viatu. Zerida alisimama katikati yake, beseni kichwani, gauni lake la kitenge cha kijani limeshashika unga kabla hajaufikia mlango. Jua lilikuwa kali, lakini kilichomchosha si jua. Nyumbani alikuwa na mashine yake mwenyewe, mpya, imefunikwa turubai, mwaka wa pili sasa.

Kijana wa shati jeupe, nyusi zimejaa unga, akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye iko na mashine kwa nyumba?"

"Ni mimi. Kuku zangu zinataga ndani yake."

"Zinataga muzuri?"

"Njoo uangalie, kama Mzee wako atakupa ruhusa."

Foleni nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, akamtua beseni. Hivyo ndivyo Bright alivyoanza kumpenda mwanamke ambaye kazi yake ilimtaka amzuie.

Maana Bright alikuwa karani wa chama cha wenye mashine, na Mzee Asanasio, mwenyekiti, ndiye mjomba aliyemlea. Kanuni ya zamani ilisema anayetaka leseni ya mashine mpya mjini alete kwanza barua ya chama kwamba waliopo hawana neno. Yaani ukamwombe ruhusa mtu unayekwenda kumpunguzia wateja! Aliyeitunga kanuni hiyo sijui siku hiyo alikula nini. Na chama hakikuwahi kumkatalia mtu. Kilisema tu, "Rudi wiki ingine," na watu walizeeka wakirudi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, mchana, mashine ya Mzee ikinguruma nyuma.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nimekula bundu, ugali ya ule unga yenye nilipangia foleni asubuhi yote. Barua yangu iko wapi?"

"Iko kwa meza ya Mzee."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko kwa roho yako."

"Basi toka huko, uende kwa meza."

Jumamosi moja walikutana Kasese, kwenye mgahawa karibu na stendi. Bright alikuwa amepiga suruali pasi, Zerida amevaa blauzi ya njano ya kanisani. Chai ilipofika, Bright akamwomba wafunge ndoa.

Zerida alimpenda, na moyo wake uliruka. Lakini alikuwa amechoka mno hata asiweze kuufuata.

"Rudi wiki ingine," akasema.

"Zerida!"

"Nikiolewa leo, watasema nimekuolea barua. Wacha nipate leseni kwanza. Na sijui nitaipata namna gani. Wakili Hidayah anasema hata kortini siwezi kwenda. Jaji atauliza, nani alikukatalia? Na mimi sijakataliwa, Bright. Nimeambiwa nirudi."

Bright akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Wiki mbili baadaye barua ikaja, na muhuri wa chama juu yake. Chama kinakataa ombi la Zerida, kwa kuwa wenye mashine waliopo hawataki mwingine. Chini palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu, ile ile ambayo Bright alizoea kumchorea kwa kidole kiganjani.

Zerida akampigia.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Kwa mukono yako?"

"Kwa mukono yangu. Sheri, usitupe hiyo karatasi."

"Nenda uoe mashine ya mujomba wako!"

Akakata. Alilia siku mbili. Bright alipopiga tena hakupokea, na baada ya wiki tatu simu zikakoma.

Ndipo akaenda Kasese kumwambia wakili afunge faili. "Nimechoka, mama," akasema, akamwekea barua mezani.

Hidayah akaisoma mara mbili, akasimama.

"Nani ameandika hii?"

"Karani."

"Hawa watu hawaandikagi neno la kukataa! Ndiyo ujanja wao wote. Miaka yote nangojea karatasi moja tu kama hii. Huyu karani ama ni mujinga, ama anakupenda."

Zerida akakaa kitini polepole. Akaikumbuka ile chai.

"Nilimwambia mwenyewe," akasema. Akashika simu.

"Weka chini. Usimutafute mpaka kesi iishe. Watauliza kama mulipanga."

Akaweka chini, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kule Bwera akasikia Mzee amemfukuza Bright. Yuko Kyarumba, anashusha kahawa za watu mlimani kwa kichwa.

Kesi ilikokotwa miezi kumi na moja. Siku ya ushahidi, wakili wa chama akamuuliza Zerida, aliyekuwa ameshika Biblia, kama alipatana na karani.

"Sikupatana. Nilimutukana," akajibu, na hata jaji akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Siku ya hukumu jaji akaifuta kanuni. Zerida alipogeuka, alimwona Bright kwenye benchi la nyuma, shati lile jeupe limechakaa ukosi, upara mdogo wa mizigo utosini.

Walikaa barazani pa korti.

"Mbona hukuniambia?"

"Wangekuuliza chini ya kiapo. Na wewe hujui kudanganya. Uso yako inasema yote."

"Nisamehe, Bright."

"Nilishasamehe."

"Na Mzee?"

"Anasema hatanisindikiza kwenu siku ya kujitambulisha. Anasema hana mutoto tena."

Zerida akamshika mkono. Chama nacho kilikuwa kimeshatangaza kukata rufaa.

"Nipe jibu yangu," Bright akasema. "Wiki ingine iliisha zamani."

"Nitaolewa na wewe."

"Ya mudomo sitaki. Nilikaa kwa ile ofisi miaka kumi, najua majibu ya mudomo."

Zerida akatoa nakala ya barua ya kumkatalia, akaigeuza, akaandika juu ya goti: *Nakubali. Zerida.* Akaongeza na tarehe.

Bright akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, mkono wake ukabaki hapo hapo.

"Na muhuri?"

"Usinichoshe." Akamwegemea begani, akafunga macho. "Kesho unisaidie kuhamisha kuku."