Maji Yaliyopewa Alama Zote

Kompyuta ilikipa alama zote kishimo ambacho hakikuwa na dawa.

Bi Hesabu alipangusa miwani kwa ncha ya mtandio, akatazama tena. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara, kwa kuwa ndiye aliyeifundisha kompyuta kazi iliyokuwa ikiwachosha macho watu wazima: kukagua picha za sahani zenye vishimo vidogo vidogo, kila kishimo na vimelea vya homa pamoja na tone la dawa ngeni, na kusema ipi inaua na ipi inapoteza muda. Aliionyesha maelfu ya picha, hapa vimekufa, hapa vi hai, mpaka ule mtandao wa neva uliomo ndani yake ukajua wenyewe, kama mtoto mchanga anavyoijua sura ya mama yake. Tangu hapo haukuwahi kukosea. Na leo ulikuwa unasifia maji matupu, yaliyotiwa pale kwa kulinganishia tu.

"Mama Pacha, kishimo hiki umetia nini?"

"Maji, dada. Ya kisima kipya cha hapo nyuma, nimeyachuja mwenyewe." Mama Pacha ndiye aliyetayarisha sahani, mwanamke mnene mwenye mikono mitulivu. "Kwani?"

"Kompyuta inasema ni dawa."

"Basi tufunge chupa tukauze."

Walicheka. Wakaandaa sahani nyingine kwa maji yaleyale, na kesho yake jibu likaja lilelile. Safari hii Bi Hesabu alicheka peke yake. Halafu akasikia harufu ya manukato makali, kama ya mtu aliyepita nyuma ya kiti chake, na chini ya manukato hayo kulikuwa na udongo mbichi wa shimo lililofukuliwa sasa hivi. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Akaichukua sahani, akaiweka chini ya hadubini aone kwa macho yake. Vimelea havikuwa vimekufa. Vilikuwa vimejibana ukingoni mwa kishimo, vimelaliana, vinatetemeka, vikiacha katikati peupe kabisa, kama mbuzi waliosukumana pembeni mwa zizi kwa sababu kuna kitu kimesimama kati yao. Kompyuta ilifundishwa kifo. Hofu hakuna aliyeifundisha.

"Yamwage maji yote," alisema taratibu. "Yote, Mama Pacha. Mama Pacha?"

Mwenzake alikuwa anatazama sakafu.

"Nimempa mwanangu, jana usiku."

"Umempa nani?"

"Kurwa wangu, yule mgonjwa. Hospitali wamenichosha na njoo kesho, njoo kesho. Na mashine yako haijawahi kukosea, dada."

"Amepona?"

"Amepona," alijibu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. "Ndiyo maana nilishindwa kukuambia. Twende ukamwone."

Jua lilikuwa bado kali walipofika. Kurwa alikaa katikati ya mkeka, mgongo wima, mashavu yamejaa, hana hata dalili ya homa. Pacha wake alikuwa nyuma ya kabati, kajibandika ukutani, na mama yao alisema hajasogea pale tangu asubuhi, hata chakula anasukumiwa kwa mguu wa kiti.

"Shikamoo," alisema Kurwa, kisha akamtaja Bi Hesabu kwa jina alilopewa na marehemu bibi yake, jina ambalo hata mumewe hakuwahi kulisikia, na midomo ya mtoto ikaendelea kuchezacheza sauti ilipokwisha nyamaza. "Kule chini kulikuwa na giza sana. Wewe ndiye uliyenisifu."

Bi Hesabu alirudi nyuma hatua mbili.

Mama Pacha akampigia simu shangazi yake, fundi cherehani ambaye watu walimwendea kwa mambo mengine zaidi ya nguo. Alikuja na futi yake shingoni, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nani kachimba?"

"Kazini, shangazi. Kisima. Nikayachuja maji, mashine ikasema ni dawa."

"Mmemtoa kwake, mkamchuja, mkampa cheo cha dawa." Akaketi mbele ya mtoto. "Haya bwana, unataka nini?"

"Sitaki kitu. Namlinda. Homa inaniogopa. Nikitoka, inarudi."

Fundi akamgeukia mpwa wake. "Hapo hasemi uongo, mwanangu. Homa imejikunja pembeni tu inamngoja. Mimi siwezi kukuchagulia."

Mama Pacha alimtazama yule mtoto mwenye afya. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Ananiita mama," alinong'ona, "lakini analitamka kama neno alilojifunza jana. Mtoe, shangazi."

Fundi akaanza kusema maneno kwa sauti ya chini, ya haraka, na harufu ya manukato ikazidi mpaka macho yakawawasha, na chumba kikapoa ingawa jua lilikuwa limeujaza mlango, na vyombo vikaanza kugongana kabatini, na mtoto akainama mbele, akainama zaidi, kisha akafungua kinywa na maji yakatoka, meupe, matulivu, mengi kuliko tumbo lolote la mtoto, yakatoka bila kikohozi wala kichefuchefu, yakajikusanya sakafuni, yakautafuta mlango, yakaupanda ule mwinuko wa kizingiti taratibu kama kitu chenye magoti, yakashuka upande wa pili, yakaenda zake barabarani walikokuwa wakipita watu.

"Anakwenda wapi?" Bi Hesabu aliuliza.

"Kazi yangu kumtoa, si kumfuata."

Mtoto alikuwa ameanguka ubavu. Bi Hesabu alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono upesi.

"Anachemka, Mama Pacha. Homa imerudi."

Mama Pacha akampakata, akambana kifuani, joto lile likampenya hadi kwenye mbavu. Mtoto akalalamika kwa sauti ndogo ya kukwaruza, sauti yake mwenyewe, kwamba kichwa kinamuuma.

"Mungu ashukuriwe," alisema mama yake, akitafuta viatu vya kwendea hospitali.