Siku Nikikuchoka, Utaonja

Jumamosi saa nne asubuhi stesheni ilikuwa imefurika. Wapagazi wanapiga kelele, masanduku yanagonga watu miguu, na katikati ya msukumano huo alisimama mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mnene: MPISHI NA FUNDI WAKE.

Mpishi alikisoma mara mbili, akatamani ardhi ipasuke immeze. Hiyo "wake" ndiyo iliyomkata maini. Mwaka jana, mapenzi yakiwa bado ya moto, yeye na huyo fundi wa lifti walikuwa wameagiza safari hii: siku mbili katika mji mkongwe, kula vyakula vyake, kutembea vichochoro vyake, kulala nyumba ya wageni ya mama huyu. Fundi ndiye aliyejaza fomu, akajifanya mcheshi penye majina. Kisha, miezi saba iliyopita, huyohuyo mcheshi alikusanya nguo zake kwenye begi, akaondoka bila kuaga, na simu akawa hapokei.

"Shikamoo mama. Hilo boksi libadilishe," Mpishi alisema, akiweka sawa kilemba. "Fundi hayupo. Nimekuja peke yangu."

"Marahaba mwanangu. Hayupo vipi? Si huyo nyuma yako?"

Mpishi aligeuka. Loo! Ndiye kweli. Shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, ndevu zimechongwa, na lile kovu la waya bado liko juu ya kidole gumba. Moyo wake Mpishi, mpumbavu ule, uliruka. Akaukemea.

"Umefuata nini huku?"

"Safari yangu. Wewe je?"

"Nilidhani mtu aliyetoroka kama mwizi wa kuku angeona haya kuja."

"Na mimi nilidhani mtu aliyenifukuza angeona haya zaidi."

"Nilikufukuza? Mimi? Lini?"

"Acha maigizo. Watu wanatutazama."

Mama Mwenyeji aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akakunja boksi lake katikati. "Wanangu, chumba nilichotengeneza ni kimoja."

"Ataenda stoo," wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Stoo ikamwangukia Fundi.

Sasa tusimwonee Mpishi, tumjue. Alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa inamla. Miezi tisa iliyopita aliugua homa kali ya wiki nzima. Homa ikaondoka na pua yake. Hasikii harufu yoyote. Si kitunguu, si kahawa, si moshi. Ulimi umebakiwa na chumvi, sukari, ukali na uchungu, basi. Jikoni hotelini alikuwa anapika kwa kukariri na kwa saa ya ukutani. Akionja, anatikisa kichwa kama anayejua. Daktari alimwambia anuse vitu vikali kila siku, huenda pua ikaamka. Anayejua habari hizo ni daktari huyo na dada yake tu. Na mji huu una soko la viungo linalosifiwa kila mahali, kwa hiyo alijiwekea nadhiri: pua isipoamka wikendi hii, Jumatatu anamwambia meneja ukweli, aproni anaivua. Miaka kumi na minne ya jiko ingekwisha hapo.

Ndiyo maana aliingia sokoni kama anayekwenda kwa mganga. Alitumbukiza uso kwenye gunia la pilipili manga, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Kimya. Akahamia kwenye karafuu, akafumba macho. Kimya.

"Unanunua au unanawa uso?" Fundi aliuliza nyuma yake.

"Nikinawa uso inakuhusu nini?"

"Mimi namhurumia mwenye gunia."

"Mhurumie mama yako aliyekuzaa bila adabu."

"Mama yangu anakusalimia. Bado anauliza kwa nini uliniacha."

"Mimi nilikuacha? Wallahi wewe ni mwongo mpaka kwenye kucha!"

Muuza viungo alijifanya anapanga mizani. Mpishi alitoka mbiombio, macho yanamuuma, na si kwa pilipili.

Mama Mwenyeji aliwapeleka penye tanuri la mikate lililojengwa kwa matofali na watu waliokwishasahaulika, akawapitisha chini ya lango la ukuta wa mji, akawaonyesha kisima ambacho kamba zilichimba mifereji kwenye jiwe. Mpishi alipita upande wa kulia, Fundi wa kushoto, mama katikati kama ukuta wa pili. Adhuhuri waliketi kula supu ya samaki.

"Haya, bibi mpishi," mama alisema kwa fahari, "niambie."

Mpishi alionja, akatikisa kichwa. "Tamu sana. Tangawizi imekaa mahali pake."

Mama alisita. "Sikutia tangawizi."

Fundi aliweka kijiko chini. "Usijali, mama. Siku hizi ndivyo alivyo. Chakula cha kumpa mtu asiyempenda hata hakionji."

"Unasemaje?"

"Nimesema unachokijua."

"Sema tena uone kama supu hii haitakurudia usoni!"

"Mwage. Umenimwagia mabaya zaidi."

Mpishi alisukuma kiti, akatoka nje hadi kwenye ngazi za barabarani. Akampigia dada yake simu.

"Dada, yuko huku."

"Nani? Fundi? Ala! Kapendeza?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Pua je?"

"Hakuna. Na sasa nimesifia tangawizi isiyokuwepo, mbele yake."

"Basi mwambie ukweli, mdogo wangu. Umemficha ya nini?"

"Nife kwanza. Huyo alinipenda kwa mkono wangu. Alinikimbia chakula kilipoanza kuharibika. Nimpe na ushahidi?"

Dada aliwajua tangu mwanzo. Walikutana ndani ya lifti ya hoteli, ilipokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, Mpishi yumo na sufuria ya mchuzi. Fundi alibandua mlango, akachungulia, na neno lake la kwanza halikuwa pole. Lilikuwa, "Hiyo ni iliki?" Kwenye lifti, alikuwa akisema, pua ndiyo bisibisi ya kwanza, mota huanza kutoa harufu kabla haijaungua. Wakapendana hivyo, Mpishi akipika, mwenzake akila na kubahatisha viungo, hakosei. Siku moja, wakiwa wamekaa sakafuni na sahani moja, Fundi aliuliza, "Nitajuaje siku ukinichoka, Sukari?" Akamjibu huku anacheka, "Sitakwambia hata neno. Siku nikikuchoka, utaonja kwenye mchuzi." Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mpishi alishausahau utani huo siku nyingi.

Jumapili asubuhi walipanda mnara wa saa. Ngazi zilikuwa nyembamba na zimelika, na Mpishi, aliyevaa kiatu kisichofaa kwa sababu tu kilimpendeza, aliteleza, goti likagonga ngazi. Mkono wa Fundi ulimdaka kiunoni. Wakabaki hivyo kidogo, uso kwa uso, pumzi juu. Zamani angesikia harufu yake, ile ya sabuni na grisi. Sasa alikuwa anashikwa na mtu asiye na harufu, na hilo lilimuuma kuliko goti.

"Niachie."

"Nikikuachia utaanguka."

"Bora nianguke."

Akamwachia. Hakuanguka, lakini alitamani kumpiga kofi kwa kumtii haraka hivyo.

Saa sita mchana lilibaki jambo la mwisho kwenye ratiba ya safari: wageni humpikia mwenyeji jikoni kwake kabla ya kuondoka. Mama alitoka kwenda kuchukua mikate tanurini. Fundi alinuna uani na gazeti. Mpishi aliingia jikoni peke yake, akafunga dirisha upepo usimzimie moto, akafunga na mlango asimwone yule mtu. Akakata vitunguu, akaosha samaki, akasuuza mchele, akachukua muda wake. Begi lake zito alikuwa amelitupa chini ya jiko, na lilikuwa limeusukuma mpira wa gesi ukachomoka kwenye mtungi. Hakuona. Alichukua kiberiti, akatoa kijiti.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Mkono ulimkamata kifundo cha mkono, kiberiti kikaruka kwenye karai la maji, naye akaburutwa hadi uani kama gunia. Fundi alirudi ndani mbio. Alisikika akifunga koki, akisukuma madirisha mpaka kioo kimoja kikapasuka. Alipotoka alikuwa anatweta.

"Umerukwa na akili? Ulitaka kutulipua?"

"Nilikuwa nawasha jiko! Wewe nani aliyekwambia unishike?"

"Gesi imejaa humo ndani! Mimi nimesikia harufu niko huku uani, mlango umefungwa! Wewe uko juu yake, unashika kiberiti, husikii..."

Alimtazama kama anavyotazama mota iliyobadilika mlio.

"Tangawizi," alisema taratibu. "Magunia sokoni. Husikii harufu."

Mpishi alitaka kutukana. "Sisikii. Tangu ile homa. Miezi tisa. Umefurahi sasa?"

Fundi alikaa chini kwenye sakafu ya uani, shati lake la pasi na yote. "Miezi tisa," alisema. Vidole vyake vikahesabu. "Kwa hiyo ule mchuzi..."

"Usinitajie mchuzi!"

"Uliniambia siku ukinichoka hutasema. Nitaonja."

Ikamrudia Mpishi yote: sakafu, sahani moja, jirani na ukuta wake.

"Ule ulikuwa utani!"

"Nitajuaje? Mtu ambaye hajawahi kukosea chumvi anaanza kunipa vitunguu vilivyoungua, mafuta yaliyochacha, na anatabasamu. Nikasema wiki hii kachoka na kazi. Ikaja ya pili. Ikaja ya tano. Nikaona basi, mwanamke kashasema, mimi ndiye nimejifanya hamnazo."

"Ukaondoka bila neno!"

"Wewe ulikuwa umeshalisema!"

"Mjinga wewe! Miezi miwili una mdomo, unakula nao, hukuufungua kuniuliza!"

"Na wako ulifanya kazi gani? Pua imekufa, humwambii mtu unayelala naye! Ulitaka umwambie nani, lifti?"

"Ningekwambiaje? Wewe uliipenda sufuria kabla hujaniona uso!"

"Nilikuwa naona sufuria kwa sababu ulikuwa umeiweka mbele ya uso!"

Walipiga kelele mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. Mama Mwenyeji alitokea mlangoni na mikate yake, akaona kioo, akaona nyuso, akarudi nyuma kimyakimya. Hasira iliyokuwa imekaa miezi saba haikuisha upesi. Ilipoanza kupungua, Mpishi aliketi naye chini, mbali kidogo.

"Ulikuwa mbaya?" aliuliza.

"Nini?"

"Mchuzi. Usinidanganye."

"Mbaya."

"Kiasi gani?"

"Kuna siku samaki alikuwa ameshaoza. Nilishinda kitandani siku mbili. Nilikwambia ni kichwa."

Mpishi alifunika uso kwa viganja. Halafu akaufunua. "Lakini sahani ulikuwa unamaliza. Mimi ndiye nilikuwa naosha. Miezi miwili hukubakisha hata punje."

Fundi alikuwa anachezea kovu lake. "Kila siku nilijua ndiyo ya mwisho, kesho utaniambia niende. Nikawa naimaliza."

Hapo Mpishi alilia. Alilia kwa sauti, bila kujali kilemba wala wanja, na kila alipofuta machozi alimpiga ngumi ya bega, na Fundi hakusogea.

Fundi alirudishia mpira wa gesi, wakapika pamoja, madirisha wazi. Fundi alisimama begani kwa Mpishi, akinusa kwa niaba yake, na hakuna aliyekuwa mpole.

"Sasa, weka nyanya. Kitunguu tayari."

"Bado."

"Nimekwambia tayari, kinanukia!"

"Usinipigie kelele jikoni!"

"Kinaungua, Sukari!"

Akatia nyanya. Mama Mwenyeji alikula sahani mbili, akasahau habari za kioo.

Saa kumi stesheni, kabla treni haijafika, Mpishi alimpigia meneja. Hakungoja Jumatatu, aliogopa moyo utamgeuka. Alisema yote kwa pumzi moja. Fundi, pembeni, alimwona akisikiliza muda mrefu, akiitikia ndiyo, ndiyo, nashukuru, kisha akaiweka simu kwenye mkoba polepole sana.

"Anasema walishajua," alisema. "Sahani zimekuwa zinarudi jikoni nusu, na wenzangu walikuwa wananificha nisizione. Kesho nisije na aproni. Atanitafutia kazi stoo."

"Stoo si mbaya. Mimi nimelala humo jana."

"Usinichekeshe. Miaka kumi na minne, wewe."

"Najua." Alimshika mkono, na safari hii hakuambiwa aachie. Walikaa kwenye benchi, watu wakipita na mizigo yao. "Leo jioni tukifika, unapika?"

"Nimpikie nani? Hujasikia? Wageni wanarudisha."

"Mimi si mgeni."

"Na ukiwa mbaya?"

"Nitakwambia ni mbaya. Kwa mdomo."

"Na sahani?"

"Nitamaliza."