Kibuyu Kisichoonjwa

Jembe lilianza kusikika mara tu walipotoka porini. Ti! Ti! Lilikuwa upande wa kulia, ndani ya mihogo, na kila Claudine alipodhani wameliacha nyuma, lilikuwa pale pale ubavuni mwao.

"Mama, huyu mtu analima akielekea wapi?" alinong'ona.

"Tembea," akajibu Esteri, mama mkwe wake. "Ya watu waachie watu."

Kilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na sita, ardhi imekauka kama kigae. Nani analima wakati huo? Claudine hakutaka kuliwaza. Mgongoni alimbeba Nduwayezu, mwanawe wa mwaka mmoja, homa ikimchoma kupitia kitenge. Walitoka Mabamba, mpakani na Burundi, kwa miguu kwenda Nyakitonto, kwa mumewe Manirambona aliyetangulia kutafuta shamba, ili mtoto akatibiwe Kasulu. Pori la kwanza, lenye simba na majambazi, walilipita salama. Mbele kulikuwa na pori la pili. Katikati ni mashamba, siku nzima ya mashamba, na hapo ndipo watu hulegeza moyo. Wajinga! Jini ana kazi gani na simba? Jini hukaa walipo watu.

Adhuhuri maji yaliwaishia. Kila walipopiga hodi hapakufunguliwa. Mwaka ule wakimbizi kama wao walikuwa wengi, na huruma ya wenyeji ilikuwa imekwisha. Mtoto akaacha kulia. Ukimya ule ulimtisha Claudine kuliko homa yenyewe.

Ndipo jembe likanyamaza. Mwanamke mrefu akajitokeza mihogoni, miguu haina hata chembe ya vumbi, akinukia udongo uliolowa, na mvua haijanyesha tangu Mei. Mkononi alishika kibuyu.

"Mtoto ana kiu," alisema, akakinyoosha.

Sasa, kwao, awe Muha awe Mrundi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ujue hakina sumu. Hata mama mzazi huonja. Mwanamke yule hakuonja.

"Onja kwanza, mwenzetu," Esteri alimwomba kwa adabu.

Mwanamke akatabasamu tu.

"Usipokee, mwana wanje, mwanangu," Esteri akanong'ona. "Huyu si mtu."

"Mtoto anakufa, mama! Wewe na mila zako!"

Safari nzima Esteri alikuwa akimsema: hajui kubeba mtoto, hajui kumfunika, hajui hata kumlisha. Hasira ikampanda Claudine, akakipokea kibuyu, akamnywesha mwanawe.

Walipoinua macho mwanamke hayupo, wala jembe halikusikika tena, lakini ile harufu ya udongo sasa ilitoka mgongoni mwa Claudine, na mtoto aliyekuwa akiwaka moto akapoa, akazidi kupoa mpaka mgongo wa mama ukafa ganzi, kisha akaanza kucheka, kicheko kizito cha mtu mzima aliyeshiba, akacheka njia nzima ya mashamba na pori la pili lote bila kuvuta pumzi, huku Esteri akifuata nyuma akisali Baba Yetu na kukosea maneno aliyoyajua tangu utoto.

Manirambona aliwapokea kwa furaha. Mgonjwa yuko wapi? Nduwayezu alishuka, akatembea, akamwita baba. Na juzi tu hata kutambaa kulimshinda!

Lakini Claudine ndiye aliyemnyonyesha. Kila mara alihisi meno ya baridi, meno mengi kuliko aliyoota mwanawe. Hakuvumilia. Akawashika mumewe na mama mkwe, wakaenda Kasulu mjini kwa Tamimu, mwenye duka anayesomea watu wenye majini, Wakristo kwa Waislamu. Tamimu alifukiza ubani, akasoma. Mtoto akacheka. Tamimu akaacha kusoma.

"Mama, nisikufiche," alisema taratibu. "Mwanao alifia mashambani, pale pale alipokunywa. Huyu ni mpangaji. Nikimtoa, utabaki na maiti."

Claudine alilia mpaka akaishiwa sauti. "Mtoe, shehe. Nimzike mwanangu kama watu wanavyozika."

"Hatoki mtu!" Manirambona alisimama. "Watoto wawili nimewafukia njiani tukikimbia, hata pa kuwawekea msalaba sipajui. Huyu anatembea. Ananiita baba."

"Si yeye, baba Nduwayezu."

"Basi awe yeyote!"

Tamimu akafunika chetezo. Bila ridhaa ya baba hakuthubutu. Claudine akamgeukia mama mkwe wake, akingoja hata neno moja la lawama. Bora angelaumiwa. Esteri aliinamisha kichwa.

Wakarudi Nyakitonto. Jioni mtoto alikaa mkekani akimtazama mama yake, macho hayapepesi.

"Ana njaa huyo," alisema Manirambona kwa upole. "Mnyonyeshe."

Claudine akafungua vifungo vya blauzi.