Tangi Lililoitika

Msimamizi aligonga mfuniko wa tangi mara tatu kwa nyundo, kama ilivyo desturi ya karakana za meli kabla ya kufunga, ili aliyesahauliwa ndani ajibu. Mafundi wote wawili walikuwa wamesimama mbele yake wakifuta jasho. Tangi likajibu mara nne.

Walifungua, wakamulika. Hamkuwa na mtu, kutu tu, na harufu nzito ya marashi, kama ya bibi harusi aliyepita sasa hivi.

Meli yenyewe ilikuwa na maneno tangu ilipovutwa bandarini. Iliokotwa ikielea peke yake, mashua za kuokolea watu zikiwa mahali pake, baharia haonekani hata mmoja, na mifuniko ya matangi yote imekazwa kwa nje. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Fundi waliyemwita Mbio, kwa kuwa saa ya kutoka ikifika humwoni tena, aliinama akaingia. Mkewe alikuwa amejifungua siku kumi na moja zilizopita, mtoto wa kwanza baada ya miaka saba ya kungoja, na Mbio hakuwa na jingine kichwani.

"Shemeji, hili tangi lina wenyewe," alinong'ona mwenzake, kaka wa mkewe.

"Lina kutu. Shika brashi."

Kwa siku mbili meli iligongagonga kila kona. Msimamizi alichoka kulegeza nati akitafuta watu ambao hawamo. Akabadili utaratibu.

"Kuanzia leo hakuna kugonga. Nitaita jina, mtu aitike kwa sauti yake. Anayegonga, agonge mpaka achoke. Jini ataipata wapi sauti ya mtu?"

"Bosi, usituite majina humu," shemeji alisema polepole. "Wanasikia."

Walimcheka.

Siku ya tatu, alasiri, kazi ilipokwisha, Mbio alikumbuka tochi yake. Akamwambia shemeji kwamba atakuja sasa hivi, bila kusema anakwenda wapi, akateremka ngazi, akainama hadi chumba cha mwisho cha tangi. Alipoiokota, mwanga wa jua kule mlangoni ulikatika. Kisha akasikia mfuniko ukitua.

Alikimbia akijigonga magoti na kichwa kwenye vyuma, akapanda ngazi, akapiga ngumi, akapiga kwa tochi hata kioo kikapasuka na giza likawa moja, na marashi yale yakazidi, yakamwingia puani, yakashuka kifuani, mpaka kila pumzi aliyoivuta ikawa ya mtu mwingine.

Sauti za nje zilimfikia nyembamba kupitia chuma.

"Umesikia? Linagonga tena," alisema shemeji.

"Liache," alisema msimamizi. "Mwenzako yuko wapi? Mbio!"

Mbio alifungua mdomo kwa nguvu zake zote. Koo lilikuwa limeziba, hata mnong'ono haukutoka.

"Nipo, bosi," iliitika sauti yake mwenyewe, kule nje, juani, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha moshi wa kuchomelea. "Kaza tu."

"Alaa! Umetokea wapi wewe?"

"Nimewazungukia nyuma."

Nati zikaanza kukazwa. Alizisikia zote nane. Alipiga chuma kwa viganja, kwa viwiko, kwa paji la uso, na kule juu shemeji akasoma dua harakaharaka, akilaani kile kilichomo ndani.

"Twende, shemeji," ikasema sauti ile, kwa upole mkubwa. "Kitu hiki kisikutishe. Dada yako anatungoja, nami nina hamu ya kumbeba mtoto."

"Haya, twende," alisema shemeji, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akacheka.