Ndoo Nyeupe

Duka la dawa za mabwawa ya kuogelea lilifurika watu asubuhi ile. Mwalimu wa chekechea, gauni lake la njano limepigwa pasi kwelikweli, alikuwa ametia dumu la asidi na kopo la klorini ndani ya kikapu kimoja. Fundi wa mabwawa aliyesimama nyuma yake akanyoosha mkono, akalitoa dumu.

"Dada, hawa wawili hawakai pamoja."

"Kwani wamegombana?"

"Wakikutana, anayekufa ni mtu wa tatu."

Mwalimu alicheka, kicheko cha kujaza duka zima. Fundi akawa kwisha habari yake.

Bwawa lilikuwa la dada yake mwalimu, aliyesafiri na wanawe akamwachia nyumba. Kila Jumamosi fundi alikuja, akachota maji kwenye kichupa, akayadondoshea dawa ya kupimia.

"Yakiwa mekundu sana, mpenzi, yanataka asidi kidogo."

"Na mimi nikiwa mwekundu?"

"Wewe huna dawa."

Jumamosi ya nne, fundi alikuwa amepima klorini ya unga kwenye ndoo nyeupe alipoitwa barazani kunywa chai. Chai ilipoa bila kuguswa. Jioni aliondoka akipiga mluzi, ndoo ameiacha kwenye kibanda cha bwawa haijasuuzwa, unga umebaki chini. Huyu ni mtu aliyeosha ndoo zake mara tatu kila siku ya kazi. Siku hiyo moja mapenzi yalimsahaulisha.

Kesho yake mwalimu akampigia. Simu ikapokewa na mwanamke.

"Yuko bafuni. Nani anamtafuta?"

Mwalimu akakata. Laiti angeuliza. Kwa wiki mbili fundi alipiga simu isipokewe, akaja geti lisifunguliwe.

Kisha dada mtu akatoa taarifa: anarudi kesho, na watoto wana hamu ya kuogelea. Mwalimu akapima maji, kichupa kikawa chekundu. "Kwani hii kazi ni ya kumbembelezea mtu?" alijisemea. Akabeba dumu la asidi hadi kibandani, ilikokaa ndoo nyeupe, ili aipimie humo.

Muda huohuo, nyumbani kwa mteja mwingine, fundi alikuwa akisuuza ndoo. Mkono ukasimama. Akaikumbuka ile nyeupe aliyoiacha kwa mwalimu. Alimpigia mwalimu, akakatiwa. Akarudia, akakatiwa. Ndipo fundi akampigia dada yake mwenyewe.

"Mpigie kwa namba yako. Mwambie asiguse ile ndoo."

Namba ngeni ilipoita, mwalimu alipokea huku dumu limeinama mkononi.

"Wifi, ni mimi niliyepokea simu siku ile. Mimi dada yake. Sikiliza, hiyo ndoo nyeupe..."

"Wifi?" alisema mwalimu.

Asidi ilikuwa imeshafika chini. Ndoo ikatokota, moshi wa kijani ukampanda usoni, koo likafunga. Alitoka kibandani akitambaa, na majirani wakamkimbiza hospitali.

Fundi alimkuta na kinyago cha hewa. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mimi ndiye sikuiosha. Nisamehe. Ukinikubali niwe mumeo, nitaosha mbele ya macho yako siku zote."

Mwalimu akakisogeza kinyago. "Ningekuuliza tu," alinong'ona, kisha akaitikia kwa kichwa.

Siku hizi wameoana. Fundi huosha ndoo mara tatu, humletea mkewe aikague, kisha hukaa naye barazani akimtania. Mkewe hucheka mpaka machozi yamtoke. Lakini tangu moshi ule hucheka bila sauti, na fundi, kila mara, hutega sikio.